Turubai la Ndege

Kilwa Masoko, Jumanne usiku

Eti ameliazima. Shemeji yangu Hamisi amelivua turubai la ndege yangu ndogo pale uwanja wa ndege, akaenda kuanikia korosho zake Nangurukuru.

Wiki nzima ndege imekaa wazi, inakula chumvi ya bahari. Leo nimekuta kutu kwenye bawaba za mlango. Fundi lazima atoke Dar: nauli juu yangu, chumba juu yangu, chakula juu yangu, na hapo hata spana hajashika. Nitazitoa wapi hizo…

Nikampigia simu kwa hasira. Akanijibu taratibu, “Shemeji, korosho zangu zinakwenda mnadani. Hiyo ndege yako inakwenda wapi?”

Nikakata simu. Mwaka huu imeruka safari moja tu, kwenda Dar kukaguliwa kama inafaa kuruka.