Fotei ya Wageni

Masika, mujukuu wangu,

Jambo sana huko Beni! Hapa Butembo tuko bazima, na mbuzi ya mama yako imezala mapacha.

Unauliza kama utanitumia fotei nikae, niache kulima. Nikiwa mutoto kule Kipese, tulimukataza koko wangu, mama ya baba, kazi yote, juu ya heshima. Alikaa tu, akasahau hata majina yetu. Siku moja mama akamupa kitunga cha maharagi, achague ya mbegu. Vidole vikaanza kukimbia. Mara akapiga kelele: "Katungu! Nani alichanganya haya maharagi?"

Katungu ni miye! Mama alicheka mpaka machozi. Toka siku ile, maharagi yote yalipita kwake.

Donc, fotei itakuwa ya wageni. Miye unitumie jembe.

Koko wako,
Katungu