Kengele ya Mashine ya Kukaushia

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Zamu ya asubuhi. Khanga mbichi zimetoka kwenye rangi, zinaingia kwenye mashine ya kukaushia. Kengele ya joto inalia bure tena. Masanja, msimamizi wa zamu, kaiziba kwa kitambaa. Nimekitoa. Kakirudisha. Nimechukia. Fundi umeme ni mimi, na nilikuwapo siku moto ulipozuka humo humo mashineni na Paskazia, mkunja vitambaa, akaungua mkono.

Jumanne, 6 Agosti
Nimefungua boksi. Waya wa kipimajoto umechunika, unagusa chuma. Ndiyo maana kengele inapiga kelele hata joto likiwa sawa. Waya mpya mpaka uagizwe Ulaya, na fedha za kigeni hakuna. Meneja kaamua tukaushe bila kengele.
"Ndugu Meneja, mimi mashine hiyo siiwashi."
Akanitazama sana. Kanipa hadi Ijumaa niitengeneze kengele, la sivyo atatafuta fundi mwingine.

Alhamisi, 8 Agosti
Sikutegemea. Masanja kaja mwenyewe. "Dada Leokadia, tangu niizibe ile kengele silali vizuri. Tuitengeneze."
Tumezunguka kwa mafundi wa mtaa wa Kirumba. Tumepata jiko la umeme bovu, nyaya zake zimevishwa vishanga vya kaure visivyoungua. Tumevivika kwenye waya wetu, kimoja kimoja. Kisha tukatumbukiza kipimajoto kwenye mafuta ya moto. Kengele ikalia kwenye joto lile lile nililotaka. Tumecheka kama wehu. Jioni nimeziunganisha hita nayo, ikilia zijizime.

Ijumaa, 9 Agosti
Tumewasha mashine. Asubuhi yote kengele kimya. Mchana ikalia. Meneja alikuwa mlangoni. "Hiyo tena."
Masanja hakuigusa. Hita zilikuwa zimejizima zenyewe, kama nilivyoziunganisha. Tukafungua. Khanga imekwama, imejikunja juu ya hita, pindo limekuwa kahawia, linafuka moshi. Ingebaki kidogo tu, moto.
Wanawake wa kukunja vitambaa wakapiga vigelegele. Paskazia kanikumbatia kwa mkono wenye kovu. Meneja akalishika lile pindo, akaligeuza.
"Ndugu Leokadia, ile mashine nyingine ya kukaushia utaifungia kengele lini?"
Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumapili, 11 Agosti
Misa ya kwanza. Mchana mke wa Masanja kaja kutoka Buswelu na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tumekula na chai uani. Ya kiwandani hatukuyagusa. Upepo wa ziwa, baridi kidogo. Nalala mapema.