Picha ya Mke wa Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani, hufahamika kama Mama Fremu
Umri: miaka 47
Kazi: fundi wa fremu za picha
Makazi: nyuma ya karakana yake, mtaa wa soko la zamani

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, Mwalimu alikuja karakanani kwangu. Ni mwalimu mstaafu wa uchoraji. Alitufundisha mimi na huyu mchoraji wa mabango mnayemshikilia. Tulikaa dawati moja. Tangu Mwalimu apate kiharusi mwaka juzi, mkono wake wa kulia umekufa ganzi, hashiki hata kijiko.

Aliniletea picha ya marehemu mkewe akiwa kwenye cherehani, imechapwa juu ya turubai. Nikamuuliza nani kaichora. Akasema ameitengeneza kwa kompyuta: yeye anaeleza kwa maneno, inampa sura, anaikataa, anaeleza upya. Miezi minne, mpaka akamwona mkewe.

"Sijaichora, binti yangu," alisema. "Nimeisimulia."

Niliipigia fremu ya mbao ngumu, ila moyoni niliona haikustahili mbao ile.

Mnamo tarehe 10 Juni, saa nane mchana, maonyesho ya picha, ile ya Mwalimu ikiwemo, yalifunguliwa katika ukumbi wa maktaba. Nilikuwa bado nakaza misumari, vifaa vyangu vipo mezani. Mchoraji wa mabango alisimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu, akaisifu mikono ya yule mama. Akauliza Mwalimu ameanza lini kuchora kwa kushoto. Mwalimu hakumficha, alimweleza kama alivyonieleza mimi.

Tangu mwaka jana wateja wa mchoraji huyu wanatengenezewa mabango kwa kompyuta, na brashi zake zimekauka. Akasema polepole, "Ulinifanya nirudie mstari mmoja mara mia, Mwalimu. Kumbe ilikuwa ya nini?"

Mwalimu akamwambia hata hii ameirudia zaidi ya mara mia. Mchoraji akajibu kwamba kurudia kusema si kurudia kuchora, na mtu aliyekaa kitini akiagiza si msanii. Watu wakaanza kusogea pembeni.

Yapata saa nane na dakika ishirini mchoraji alichukua kisu changu cha kukatia kadibodi, akaipasua picha kuanzia begani kwa yule mama. Alipoinua kisu mara ya pili, Mwalimu akaingia kati. Aliunyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akakinga. Kisu kikapita kiganjani. Hakushtuka. Aliitazama damu kama ya mtu mwingine.

Mchoraji aliangusha kisu, akavua shati, akapiga magoti kumfunga jeraha huku akilia. Mwalimu akamwambia, "Kama ni sanaa au si sanaa, mimi sijui, mwanangu. Ila huyo ni mke wangu, nawe umemkata."

Afisa ameniuliza kama kisu kilichukuliwa bila mimi kujua. Hapana. Nilimwona akinyoosha mkono mezani. Alinitazama, nami nikageuza uso. Wakati ule nilikuwa upande wake.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Afisa aliyeandika: Nimemwonya shahidi kwamba aya ya kisu inaweza kutumika dhidi yake, nikampa nafasi ya kuifuta. Amekataa. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni.