Siku Niliyosahau Kuzima Kipaza Sauti

Dada Mizuho,

Habari za Osaka? Huku ndimu zimeiva, na mimi, mwenye haya zangu, ndiye ninayesoma matangazo ya mji kwenye spika za mitaani.

Jana nilisahau kuzima kipaza sauti. Mji mzima ukanisikia nikimwambia mwenzangu, kwa Kitosa, lahaja ya kwetu, jinsi sisi vijana tunavyoifupisha, kwamba Bibi hajatoka nje tangu tumzike Babu, na kwamba naogopa.

Nilikuwa bado nalia kwa aibu mlango wa chumba cha matangazo ulipofunguka. Bibi! Na ndara za ndani miguuni!

"We mtoto, nani kakufundisha kukata maneno mikia? Babu yako angekucheka!"

"Basi nifundishe, Bibi."

"Washa hicho kidude. Wenzio nao wasikie."

Leo amerudi tena, amevaa viatu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Chinami