Elimringi na Maoni ya Watazamaji wa Kirua Vunjo

Mwaka umetimia sasa, Baba Calvin, tangu asubuhi ile ya mwezi wa saba ulipoacha uji wako nusu kikombe ukaondoka bila kutuaga. Familia imenipa mimi kalamu. Calvin alitaka tuweke gazetini mistari minne na picha yako ya paspoti, nikamkatalia. Kuna jambo limetukaba humu ndani mwaka mzima, na sitaki tuingie nalo mwaka wa pili.

Miaka ishirini na miwili ulipandisha wageni mlimani na kuwashusha wakiwa wazima. Kila jioni ulikuwa unaingia kwenye hema lao, unamuuliza mmoja mmoja anajisikiaje, kutoka moja hadi kumi, na unaandika kwenye daftari lako. Aliyesema kumi ulimtilia shaka. Ulikuwa mpole, Elimringi. Wapagazi wako wanasema hukuwahi kugusa chakula kabla hawajashiba, ingawa nyumbani mtori wa ndizi ukichelewa nilikuwa nakusikia.

Kisha ukateleza kwenye mawe yenye barafu, ukaumia uti wa mgongo, miguu ikakataa. Kutoka kwetu hadi barabarani ni kilima cha matope katikati ya migomba; kiti cha magurudumu hakipiti, na masika hata ng'ombe anasita. Kwa miaka mitatu ulitoka mara nne tu, umebebwa kwenye machela na Filemon, mpagazi wako wa zamani, na wenzake, kwenda hospitali na kurudi. Siku nyingine zote ulikuwa sebuleni, unatazama mlango.

Na mimi nilikuwa humo humo. Nitasema ukweli kwa sababu unanijua: nilichoka. Kuna siku nilikwenda kukata majani ya ng'ombe, nikamaliza, nikafunga mzigo, kisha nikaukalia saa nzima huko kihambani, kwenye migomba yetu, kwa kuwa sikutaka kurudi ndani. Ulinisikia nikiingia, ukaniuliza kama majani yamekuwa haba. Nikasema ndiyo.

Ndipo Calvin akaanza kutuletea zile filamu za Zohari, zenye vyombo vya angani na vita visivyoisha. Tulizimaliza zote tatu. Baada ya hapo ikatoka tamthilia ya televisheni iliyozaliwa na filamu hizo, na kila Jumapili baada ya ibada Calvin alipanda kutoka Soweto, kule mjini, na sehemu mpya kwenye flashi, imeshatafsiriwa Kiswahili. Ilimhusu yule fundi wa mitambo aliyeonekana dakika mbili tu kwenye filamu ya pili. Wenzake wamemwacha kwenye kituo huko angani, mlango umekwama, naye anahangaika nao sehemu kumi na mbili nzima.

Ukalitoa tena daftari lako la mlimani. Hakuna mgeni aliyetoka sebuleni kwetu bila kutoa maoni na alama, kutoka moja hadi kumi. Jirani yetu Zita alifuata maziwa tu, akawekwa kitini, akasema hawezi kumwonea huruma mwanamume ambaye hajamtaja mkewe hata mara moja. Ukamwandikia nne. Mwinjilisti Godwin aliuliza inakuwaje kituo kikubwa vile kisiwe hata na chumba cha sala. Calvin alisema filamu zilikuwa filamu, hii wanaivuta tu ili iwe ndefu. Mimi nilitoa mbili, na ukaandika "Eunike, mbili" bila kunibishia.

Wewe ulitoa tisa. Ulituambia kwamba kwenye zile filamu kila mtu anakimbia, lakini huyu fundi ndiye pekee unayemwelewa.

Ukataka maoni yetu yafike kwa walioitengeneza. Loveness, kitinda mimba wetu, alikuwa nyumbani, amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira, na Kiingereza anakijua. Akaandika barua pepe nzuri, akaituma kweli. Hawakujibu. Kila asubuhi ulimuuliza, "Wamejibu?" na kila asubuhi ulipoambiwa bado, uligeuza uso ukutani na kukataa hata dawa.

Kosa ni langu, Baba Calvin, na nataka wote wanaosoma walijue. Nilimfuata Loveness jikoni nikamwambia, "Mjibu wewe." Alikataa. Akasema ni dhambi kumdanganya baba. Nikamwambia dhambi nitaibeba mimi, yeye abebe kalamu.

Basi barua zikaanza kuja kutoka ng'ambo, zikisomwa na mwanao kwenye simu yake huku akijifanya anatafsiri. Walikushukuru. Walisema maoni ya Zita kuhusu mke wa fundi yamewagusa sana. Ukaanza kunyolewa kila Jumamosi. Uliwataka watazamaji wako wapime maneno, kwa sababu huko yanasomwa, na watu wakawa wanashuka kile kilima kwa makundi ili maoni yao yapelekwe. Kila barua ilizaa nyingine. Loveness alikuwa akiniuliza tutatokaje, nami nilimwagiza aandike ya wiki inayofuata.

Kisha ukaomba jambo moja. Ulitaka fundi atoke. Ulisema watazamaji wa Kirua Vunjo wote, kwa kauli moja, wanaomba mlango ufunguke. Loveness alitaka kujibu kwamba ombi litafikiriwa. Mimi nikamwambia aandike kwamba atatoka. Wiki hiyo ulimwita Filemon akushike kwapani, ukajaribu kusimama, ukasimama pumzi tatu.

Sehemu ya mwisho ilipofika tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni. Fundi hakutoka. Alikaa chini, akazima taa za kituo moja moja, ikaisha. Loveness alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Ulimtazama, kisha ukasema, "Niandikieni kumi." Halafu ukamwambia, "Na hao jamaa zako waandikie. Waambie nashukuru kwa barua zote."

Baada ya wiki tatu kifua kilikubana, tukakuzika hapa kihambani, upande unaopata jua la asubuhi.

Loveness alishika yale maneno mawili, "jamaa zako". Alisema ulikuwa umetufumania na ulikuwa unamsuta mbele za watu, na kwamba tulikupa tumaini tukakunyang'anya, ndipo kifua kikakubana. Nilimwapia kwamba sivyo, lakini nilikuwa naapa bila kujua. Alipata kazi Mkuu, huko Rombo, akaenda. Krismasi Calvin alipanda nyumbani, yeye hakuja. Nikimpigia simu, ananisalimia shikamoo, anauliza ng'ombe, anakata. Nami nimebaki kwenye sebule ile ile. Kilima sasa naweza kukipanda nikitaka, lakini sina pa kwenda.

Mwezi uliopita Filemon alikuja kutusaidia kusafisha kaburi lako. Nikamweleza yote, nikilia kama mtoto. Akaweka panga chini. Akasema ulikuwa unajua tangu barua ya pili.

Nikamuuliza ulijuaje. Kumbe ulimwita ukamhadithia, mkacheka mpaka mgongo ukakuuma. Barua ya pili ilimalizia kwa kukukumbusha umeze vidonge vyako viwili vya saa mbili usiku, na usinywe chai kabla. Maneno hayo niliyachomeka mimi, kwa kuwa ulikuwa husikii la mtu. Ulimwambia Filemon, "Hawa wazungu wa Eunike wanajua hata chai yangu."

Nilimkasirikia Filemon, nikuambie ukweli. Mwaka mzima amekaa na neno hilo. Akasema ulimwapisha, na hakujua kwamba tunaumia. Akasema yeye mwenyewe alikuuliza kwa nini usituambie, ili tupumzike na sisi. Ukamjibu hivi, na nilimtaka arudie mara tatu nisije nikakosea:

"Nikisema najua, mtoto wangu ataacha kuniandikia."

Nimeyaweka hapa gazetini, Baba Calvin, kwa sababu kwenye simu binti yako hunikatia kabla sijafika. Loveness, mama yako ndiye aliyekosa, na baba yako hakukosewa. Jumapili tutasali kaburini saa nane mchana. Njoo nyumbani.

Unakumbukwa na mimi mkeo Eunike. Wanao Calvin wa Soweto na Loveness wa Mkuu. Dada yako Aikaeli. Rafiki yako Filemon. Zita, Mwinjilisti Godwin na watazamaji wako wote wa Kirua Vunjo.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, na kama unavyoona, hatujaacha kukuandikia.