Dakika Tatu kwa Kila Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Winchi ya mkono tangu asubuhi. Viroba arobaini na viwili vya mawe. Wenzangu wawili upande wa pili wanahema kama ng'ombe wa jembe. Mimi hata jasho sijatoa. Kidogo tu, shingoni.

Foleni kwenye karasha tena. Mawe yetu yamekaa juani yakingoja kusagwa. Mzee Nyamhanga, mwenye shimo, amefoka siku nzima. Anasema Matongo nzima inachimba dhahabu, sisi tunachimba foleni.

Halafu baruti. Shimo letu na la jirani yanakaribiana huko chini, ukuta wa kati hauzidi hatua nne. Wao wakitaka kupasua mwamba, watu wetu wote lazima watoke kwanza. Mtu wao, Magesa, anakuja mwenyewe mdomoni mwa shimo letu, anagusa kila kichwa kwa mkono wake, anahesabu mpaka kumi. Ndipo anarudi kwao kuwasha. Mmoja akiwa amekwenda kujisaidia, anasubiriwa. Kuna siku saa mbili zinapotea hivyo hivyo. Mzee analalamika. Mdogo wangu Chacha halalamiki. Yeye ndiye nyapara wa chini. Anashuka wa kwanza, anatoka wa mwisho.

Bhoke amefika juzi. Binti wa dada yangu wa Machochwe. Amemaliza chuo Mwanza, anangoja kazi. Ana kompyuta. Kamwambia Mzee anaweza kutafuta foleni inakozaliwa. Nikajibu mimi kabla ya Mzee, kwamba foleni naijua kwa jina na ukoo. Mzee akasema tumwache ajaribu.

Jumatano, 5 Machi

Bhoke ametandika gunia chini ya turubai. Punje za mahindi ndio watu. Maharage ndio viroba. Vizibo vya soda ndio mahali pa kungojea: kizibo cha winchi, kizibo cha mkokoteni, kizibo cha karasha. Anasogeza punje mojamoja. Wachimbaji wakacheka, wakauliza Chacha ni ipi. Chacha mwenyewe akachagua iliyotobolewa na wadudu, akasema hii ina matundu, itapumua vizuri chini.

Anaita uigaji. Nimeelewa upesi kuliko wote, na darasa la tano langu. Unaiigiza kazi kwenye gunia kabla hujaifanya shimoni, ili ukikosea ukosee kwenye mahindi. Ila kazi haiendi sawa kila siku. Kwa hiyo anaandika dakika kwenye vikaratasi vingi, anavitia kwenye kofia. Punje ikifika kwenye kizibo, anachota kikaratasi. Kikisema nne, punje inakaa nne. Baadaye kompyuta itachota yenyewe, mara elfu.

Anataka dakika za kweli. Kanipa saa yake na daftari. Nipime siku mbili, kila mtu anayetoka, tangu anaposhika kamba hadi anapokanyaga juu. Kanichagua mimi kwa sababu winchi ni yangu. Nimefurahi. Sifichi.

Alhamisi, 6 Machi

Sikupima. Mikono yote miwili iko kwenye winchi, saa niishike kwa meno?

Daftari nimelijaza kwenye kibanda cha chai cha mama Nyangi, nikinywa chai. Dakika tatu. Tatu. Mbili na nusu. Tatu. Tatu. Nne niliweka moja tu, ili isionekane nimetunga.

Tena si uongo mtupu. Mwaka ule wa mvua kubwa fahali alitumbukia kwenye shimo bovu, nikamvuta peke yangu kwa winchi ya mti, akatoka uji haujapoa. Walioona wengi wamehamia Kenya. Lakini wapo.

Na kuna jingine. Mzee amekuwa akitaja winchi ya mota iliyoko Sirari. Winchi ya mota haina haja na mimi, Marwa. Akiona dakika nzuri, ataisahau.

Jumamosi, 8 Machi

Leo kompyuta. Vinukta vinatoka shimoni, vinasimama, vinatembea mpaka karasha. Watu wamejazana nyuma ya Bhoke kama wanaangalia mpira.

Foleni haizaliwi kwenye karasha. Inazaliwa kwetu. Tunapomngoja Magesa ahesabu vichwa, mawe yanarundikana, kisha yanakwenda yote kwa mpigo na kukuta wengine wote wameshafika. Watu wakitolewa kwa saa maalumu, mkokoteni utawahi. Mzee akasema mtoto huyu ana akili za ukoo. Ukoo ni mimi.

Kisha Bhoke akanivuta pembeni. Akasema polepole, "Mjomba, mbona humu hakuna siku mbaya hata moja?"

"Kwa mjomba wako siku mbaya hazijazaliwa."

Akatabasamu. Lakini aliendelea kuangalia daftari, kidole kwenye ile nne.

Nimekula vizuri. Sijui kwa nini naandika hivyo. Huwa nakula vizuri siku zote.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekubaliana. Mzee na jirani, mkono kwa mkono. Baruti saa tisa kamili alasiri. Sisi tunaanza kutoa watu saa nane na dakika ishirini. Watu kumi, tatu tatu, thelathini. Bhoke akaongeza kumi za tahadhari. Aliomba Magesa aendelee kuja kuhesabu. Mzee akakataa, akasema huko ndiko kupoteza muda kwenyewe.

Huyo anayewasha utambi anawasha chini, kwao, kisha anapanda. Akishawasha hakuna wa kurudi kuuzima. Kwa hiyo kilichobaki kati yao na sisi ni saa tu.

Mzee akanigeukia mbele ya wote. Dakika tatu kweli, Marwa? Nikasema tatu ni nikiwa nimechoka. Wakapiga makofi.

Chacha hakupiga. Alikuwa anafunga viatu.

Jumanne, 11 Machi

Kamba kavu, jua zuri. Tulianza kwa wakati. Nilivuta kama ninafukuzwa. Chacha alikanyaga juu, akapiga hatua mbili tatu, na ardhi ikatupiga teke miguuni. Vumbi likapanda kutoka shimoni kama moshi wa jiko.

Watu walicheka. Chacha akajipangusa, akasema, "Kaka, leo fahali alikuwa mzito?" Wakacheka zaidi. Nikawapa hadithi ya chatu niliyemfunga fundo kule mtoni. Niliisimulia vibaya. Nilisahau mkia.

Karasha, hakuna foleni. Tumesaga kabla ya watu wote. Mzee anachekacheka peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepima. Nimeifunga saa kwenye nguzo ya winchi kwa uzi, mbele ya macho yangu. Nne. Nne. Tano. Nne. Tatu na sekunde hamsini, yule mwembamba. Tano, kamba ilipokwama. Tatu kamili, hakuna. Hata moja.

Dakika arobaini zinaisha, Chacha yuko juu kwa pumzi moja. Jana pumzi moja. Leo pumzi moja.

Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo humu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata dawa. Saa ya kazi imetundikwa kwenye nguzo yangu, naiangalia mimi. Nimeisogeza mbele dakika kumi na tano. Watu wameanza kutoka mapema, wenyewe hawajui. Chacha alishakuwa juu anakunywa maji baruti ilipolia. Nikasema moyoni, Marwa wewe ni mtu na nusu.

Haikufika jioni. Mzee alihesabu viroba, akaona vimepungua. Akaangalia simu yake, akaangalia saa. Akairudisha yeye mwenyewe. Akasema saa ya Bhoke ni mbovu, kuanzia kesho tutafuata simu yake. Bhoke alikuwepo. Anajua saa yake si mbovu. Alinitazama, nami nikatazama kamba.

Jumamosi, 15 Machi

Mawingu upande wa Serengeti, meusi, yamelala chini kabisa. Masika inakuja. Kamba ikilowa inateleza kwenye gogo la winchi, mizunguko miwili unapata mmoja. Hilo sikuliandika kwenye daftari. Hakuna mvua kwenye kompyuta ya Bhoke. Vinukta vyake vinatembea kwenye jua la milele.

Leo Chacha alitoka ardhi ikiwa inatikisika. Mguu mmoja juu, mmoja bado kwenye kamba. Hakufanya mzaha.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Nilikaa karibu na Chacha na mkewe. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu. Watu kumi mara dakika sita, kamba ikiwa imelowa.

Mke wangu Ghati aliuliza naumwa nini, nyumba imekuwa kimya. Nikasema jino.

Mchana Bhoke alikuja, akaleta daftari. Aliliweka mezani wazi. Akasema amezoea namba, na namba za watu wanaopima huwa zinayumba, zangu hazikuyumba. Hakuuliza. Alingoja. Mvua ya kwanza ikaanza kupiga bati, nikasimama kuingiza kuni. Niliporudi alikuwa ameondoka. Daftari limebaki.

Mtu mzima mimi. Nimekimbilia kuni.

Kesho nitamwambia Mzee.

Jumatatu, 17 Machi

Nitaandika kwa kifupi.

Mvua tangu alfajiri. Nilifika kusema, nikakuta Mzee yuko na jirani na wageni wao. Nikaona aibu mbele ya wageni. Nikangoja waondoke. Hawakuondoka. Watu wakashuka.

Saa nane kamili nikagonga chuma cha kutoa watu, bila ruhusa. Mzee akaja amefura, akasema bado dakika ishirini, nirudishe viroba.

"Mzee, si tatu. Kwa mvua hii ni sita."

Akanitazama usoni, akacheka. Akasema, "Leo umechoka kujisifu, sasa unajisingizia?" Akarudi chini ya turubai kwa wageni wake. Kwa maisha yangu yote nimemwambia mambo ya fahali na chatu, akayameza. Hili moja likamshinda.

Bhoke alisikia. Akavua viatu, akakimbia kwenye matope kuelekea shimo la jirani, kumzuia Magesa asiwashe.

Sisi hatukumsikiliza Mzee, tukavuta. Sita. Sita. Saba, kamba ikapanda juu ya kamba. Tulimwaga mchanga kwenye gogo. Sita. Viganja vikachunika, nikafunga shati. Wa nane alipotoka simu ya mtu ilisema saa tisa kasoro kumi. Nikamuona Bhoke anarudi. Hakuwa anakimbia tena. Nikajua utambi umeshawashwa.

Wa tisa, dakika tano. Sijawahi kuvuta hivyo. Kamba ikarudi chini. Chacha akaitikisa mara mbili, ishara yake. Tukazungusha. Watu wote kumi na mbili tuliokuwa juu, wengine wameshika kamba yenyewe kwa mikono. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, sijui nahesabu nini.

Alikuwa nusu ya njia.

Ardhi ikaruka. Mlio ukatoka mdomoni mwa shimo, halafu upepo, halafu mawe yanaanguka ndani, moja, moja, mengi. Kamba haikukatika. Ilikuwa nzito tu. Tukaivuta.

Jumatano, 19 Machi

Yuko hai. Hospitali ya mjini. Mguu wa kushoto umevunjika mara mbili, bega, na masikio. Sikio moja daktari anasema labda. La pili hakusema kitu.

Nilipeleka uji. Mkewe aliupokea, akaushukuru uji. Mimi hakunitazama.

Alasiri kikao mdomoni mwa shimo. Mzee akasimama, akasema kosa ni kompyuta. Akasema hiki ndicho kinachotokea watu wakiacha kazi ya mikono na kumsikiliza mtoto wa chuo. Jirani akaitikia. Watu wakamtazama Bhoke. Alisimama kando ya turubai, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja fimbo. Hakujitetea. Angeweza. Daftari lenye mwandiko wangu anajua liko wapi.

Nikalitoa kwenye koti.

"Kompyuta haikukosea. Dakika ni zangu. Nilizitunga nikinywa chai."

Mmoja nyuma akacheka, akasema, "Endelea, mura." Wakawa wanangoja. Walidhani ni mwanzo wa hadithi, kuna mnyama anakuja. Ilibidi niseme mara ya pili. Nikasoma zile namba, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja nikasema si kweli. Nikasema na ya saa niliyoisogeza. Nikasema kwamba niliogopa winchi ya mota.

Yule aliyecheka alitema mate chini. Mzee alikaa kwenye kiroba. Magesa, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikuwa analia.

Hakuna aliyenipiga. Nilitamani mtu anipige.

Jumanne, 25 Machi

Kazi imeanza tena. Mvua imepungua.

Mzee hakunifukuza. Kasema nikae kwenye winchi mpaka ya mota ifike, halafu tutaona. Magesa anakuja mwenyewe tena, anagusa vichwa. Leo alihesabu mpaka tisa, akahesabu upya.

Bhoke ameweka kigoda upande wa pili wa shimo. Alipita karibu yangu asubuhi. Shikamoo mjomba. Nikaitikia marahaba. Nilikuwa na maneno mengine, akawa ameshapita.

Ana saa mkononi na daftari jipya. Kila mtu anapotoka anaandika. Siku nzima. Mara moja kamba ilikwama muda mrefu, nikamtazama nikidhani ataniuliza ni dakika ngapi. Hakuinua kichwa.

Nilivuta polepole, kamba ilivyotaka. Watu walitoka.