Usafi wa Ramadhani Ulipofika Kwenye Kompyuta

Jumanne, 10 Februari
Ramadhani inabisha hodi, Sfax nzima inasugua. Mama, na ukungu wake machoni, kang'arisha masufuria ya shaba kwa kupapasa tu. Mimi nikaona na kompyuta isafishwe! Kila faili lenye jina la ajabu, ambalo sijaligusa miaka — futa. Nikajisifu.

Jioni daktari kapiga kutoka Tunis. Anataka picha za zamani za macho ya Mama kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi ya upasuaji atampa mwingine. Picha zimo kwenye sanduku, ile programu ya kufungia mafaili kwa siri. Nafungua — "Maktaba za usimbaji hazikupatikana."

Ee Mola wangu! Yale mafaili niliyoyafuta ndiyo maktaba zenyewe, ndiyo yaliyolifungua sanduku!

Jumatano, 11 Februari
Nimepakua programu upya. Toleo jipya halilitambui sanduku la zamani. Nywila ninayo, haisaidii kitu.

Aliyeniwekea programu ile ni Skander. Skander niliyemrudishia pete ya uchumba mwaka juzi! Mama hakunionea huruma: mpigie, aibu haipofushi mtu.

Nikapiga. Kacheka huyo! Eti, "Umepiga deki mpaka ndani ya kompyuta?" Halafu kauliza macho ya Mama yanaendeleaje. Kesho atakuja. Ana moyo, sikatai.

Alhamisi, 12 Februari
Alhamdulillahi, alhamdulillahi!

Kaja na kompyuta yake kuukuu, yenye toleo lile lile la zamani. Kanakili maktaba zilizokosekana, kazirudisha mahali pake. Nikaandika nywila. Picha zikafunguka! Jicho la Mama, jekundu, limejaa kioo kizima. Nililia bila haya. Skander akajifanya anakunja waya.

Hakudai shukrani, hakugusia ya zamani. Kanywa kahawa, kayasifia maji ya maua ya mchungwa niliyoitia, kamuaga Mama kwa kumbusu kichwani, kaondoka. Mungu ampe kila jema. Nimemshukuru mara ngapi? Bado naona haitoshi.

Picha nikamtumia daktari, kajibu: mlete Jumatatu asubuhi. Nafasi ni yake! Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kagonga ukuta. Ila Tunis ni mbali, na ndani ya treni watu watamsukuma. Tutaendaje?

Mama kapita mlangoni akipapasa ukuta, mkono ukakuta koti. La nani? La Skander, nikasema, kalisahau.

"Nani asahau koti kwa baridi hii?" Kalipapasa kola taratibu, anatabasamu. "Binti yangu, mimi ndiye nisiyeona."

Nimeshika simu, nampigia Skander. Inaita —